Nani Alilipia Kicheko Kile

Tarehe 4 Aprili 1991, katika mgahawa wa jengo la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha George Mason, jimboni Virginia, vijana 18 wa chama cha Sigma Chi walijitokeza mbele ya wenzao wakiwa wamevaa nguo za kike. Walikuwa wamegawanywa katika timu sita, na kila timu ilisimamiwa na chama kimoja cha wasichana. Shindano lenyewe liliitwa bila kificho shindano la mwanamke mbaya wa sura. Kijana mmoja alikuwa amepakwa rangi nyeusi mwilini, kavaa nywele nyeusi zilizofungwa rola, na ndani ya nguo zake ilishindiliwa mito ili kifua na makalio yaonekane makubwa kupita kiasi. Alizungumza kwa kuigiza Kiingereza cha mtaani cha Wamarekani Weusi. Shindano lilikuwa sehemu ya wiki ya michezo ambayo chama hicho hufanya kila mwaka, na wiki hiyo ilikuwa na lengo moja lililotangazwa, nalo ni kuchangisha fedha za hisani.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, na ninachokisoma ni vyama vya hiari: jinsi watu wanavyojiunga, wanavyochangishana na wanavyowekeana masharti. Kesi hii niliikuta katika orodha ya hukumu za mahakama za Marekani kuhusu uhuru wa kujieleza. Wanasheria huisoma kwa sababu hiyo. Mimi nimeisoma kama kesi ya michango. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia kanuni ambazo wanafunzi wa Marekani wanatakiwa kuzifuata wanapofanya shughuli za kuchangisha, na nimeona kwamba karibu kila kanuni ina mtu nyuma yake. Kuna aliyeumia, aliyedanganywa, au aliyechekwa mbele ya watu bila kuulizwa kama yuko tayari.

Kwanza tujue tunazungumzia vyama gani. Katika vyuo vya Marekani kuna vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Vya wanaume huitwa fraterniti, yaani vyama vya udugu, na vya wanawake huitwa sororiti, yaani vyama vya udada. Cha kwanza kujipa jina la herufi hizo, Phi Beta Kappa, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika Chuo cha William and Mary huko Williamsburg, Virginia, na wanafunzi waliotaka mahali pa kujadiliana mbali na masikio ya walimu wao. Baadaye kikageuka kuwa jumuiya ya kuheshimu wanafunzi waliofaulu vizuri. Mfano wa chama cha udugu kama kinavyojulikana leo, chenye siri, beji, viapo na urafiki wa maisha, ulianza mwaka 1825 katika Chuo cha Union, jimboni New York, kilipoundwa chama cha Kappa Alpha. Wanawake walipoanza kuingia vyuoni walikuta milango ya vyama hivyo imefungwa, wakaunda vyao. Neno lenyewe sororiti lilibuniwa na mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Syracuse, kwa ajili ya chama cha Gamma Phi Beta kilichoanzishwa mwaka 1874.

Katika historia hiyo ya mwanzo, hisani haionekani sana. Vijana walijiunga ili wapate marafiki, nyumba ya kuishi, watu wa kula nao, na baadaye watu wa kuwashika mkono kazini. Vyama vingi vya Wazungu vilikuwa na masharti, mengine yameandikwa waziwazi, kwamba mwanachama awe Mzungu na Mkristo, na masharti hayo yalidumu hadi katikati ya karne ya 20. Chama kilikuwa cha watu wake. Aliye nje hakuwa na dai lolote juu yake.

Hisani iliingia kwa mlango wa wanawake. Mwaka 1912 chama cha Pi Beta Phi kilifungua shule huko Gatlinburg, katika milima ya Tennessee, mahali ambapo watoto wengi hawakuwa na shule ya maana. Wanachama hawakuandaa shindano wala dansi ili kupata sifa. Walichanga, wakaajiri walimu, wakawapeleka mlimani, na shule ikakaa kwa miaka mingi hadi kazi yake ikachukuliwa na serikali ya mahali hapo.

Kwa wanawake Weusi jambo hili lilikuwa zito zaidi. Delta Sigma Theta ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, tarehe 13 Januari 1913, na wanafunzi 22. Hata miezi miwili haijapita, tarehe 3 Machi mwaka huo huo, wasichana hao wakaandamana katika maandamano makubwa ya kudai haki ya wanawake kupiga kura. Hilo ndilo tendo lao la kwanza hadharani. Dada zao wa Alpha Kappa Alpha, walioanzia hapo hapo Howard mwaka 1908, walikwenda Mississippi mwaka 1935 na mradi wa afya ulioongozwa na Daktari Dorothy Boulding Ferebee. Walikuwa wamepanga kufungua kliniki katika Kaunti ya Holmes, na wagonjwa wazifuate. Lakini wenye mashamba ya pamba hawakutaka wakulima wao waondoke shambani. Basi kliniki ikapakiwa kwenye magari. Madaktari, wauguzi na walimu hao wa kujitolea waliendesha magari yao wenyewe katika barabara za vumbi, wakipanga meza zao makanisani na mashambani, wakiwachanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo. Walirudi kila kiangazi hadi mwaka 1942, vita vilipofanya petroli na matairi kuwa adimu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuwakumbuka wanawake hawa. Katika miaka ambayo Kenya ilikuwa inaelekea uhuru, Delta Sigma Theta ilichangisha fedha kwa ajili ya hospitali ya wazazi huko Thika, ile ambayo leo inajulikana kwa jina la Mary Help of the Sick. Wanawake waliokuwa wakipigania kiti cha basi na karatasi ya kura nchini kwao walitoa fedha ili mwanamke wa Thika ajifungue mahali salama.

Nimeanza na Gatlinburg, Holmes na Thika kwa sababu katika sehemu zote tatu anayetoa na anayelipa ni mtu mmoja. Mwanachama alitoa fedha yake, au likizo yake, au gari lake. Hakukuwa na mtu wa tatu aliyetumiwa kama chombo cha kuvutia michango. Kwa hiyo kanuni zilizohitajika zilikuwa chache: andika mapato, andika matumizi, fika ulipoahidi kufika.

Mambo yalibadilika hisani ilipogeuka kuwa tamasha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vilijaa, na vyama vya udugu vilikuwa vikilaumiwa kwa mateso waliyofanyiwa wanachama wapya katika ile waliyoiita wiki ya jehanamu. Katika miaka ya 1950 vyama vingi vikaibadilisha iwe wiki ya msaada: badala ya kuteswa, kijana mpya alipaka rangi shule au alisafisha bustani ya mji. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini ndani yake mlikuwa na hesabu nyingine, kwamba tendo jema likionekana linasafisha jina. Kuanzia hapo tukio la hisani likawa na kazi mbili. Lilipeleka fedha kwa wenye shida, na lilipeleka picha nzuri kwa mkuu wa chuo, kwa wazazi na kwa gazeti la mji.

Tukio linalotakiwa kuonekana lazima lichekeshe au lishangaze. Hapo ndipo ilipoenea desturi ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa jina lake: mnada wa watumwa. Wanachama wapya, wavulana au wasichana, walipandishwa jukwaani, wenzao wakawapandia bei, na aliyeshinda akapata haki ya kumtumikisha aliyemnunua kwa siku moja, amfulie, amsafishie chumba, amuoshee gari. Fedha zilikwenda kwa yatima au kwa utafiti wa ugonjwa. Desturi hiyo ilionekana katika vyuo vingi, na hata katika shule za sekondari, kwa miongo kadhaa ya karne ya 20. Walioifanya waliiona ni mzaha. Ilikuwa ikifanyika katika nchi ambayo wajukuu wa watu waliouzwa kweli walikuwa hai, na baadhi yao walikaa madarasani pamoja na wanunuzi wa siku ile. Malalamiko yalipozidi, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, chuo kimoja baada ya kingine kikaipiga marufuku.

Mfano mwingine wa tamasha unaonyesha kwamba si lazima mambo yaende hivyo. Mwaka 1973 baraza la vyama vya udugu la Chuo Kikuu cha Penn State, Pennsylvania, lilianzisha dansi ya kukesha kwa ajili ya hisani. Wachezaji wa kwanza walikuwa jozi 39, walicheza kwa saa 30, na kilichopatikana kilizidi dola 2,000 kidogo. Mwaka 1977 dansi hiyo ilijiunga na mfuko wa Four Diamonds, ulioanzishwa na Charles na Irma Millard baada ya mtoto wao Christopher kufariki kwa saratani mwaka 1972. Jina la mfuko linatokana na hadithi aliyoiandika mtoto huyo, ya shujaa anayetafuta almasi nne: ujasiri, hekima, uaminifu na nguvu. Leo wachezaji husimama kwa saa 46 bila kukaa wala kulala, na fedha zilizokusanywa tangu 1977 zimepita dola milioni 200, zikilipia matibabu ya watoto wenye saratani na utafiti.

Ukilinganisha dansi hiyo na shindano la George Mason, utaona mahali zinapoachana. Katika dansi, miguu inayouma ni ya mchezaji mwenyewe. Alijiandikisha, akajua ataumia, akakubali. Mtoto mgonjwa na wazazi wake huja ukumbini kama wageni wa heshima. Katika mnada na katika shindano, anayelipa ni mtu ambaye hayupo jukwaani na hakuombwa ruhusa: mwanamke, mtu Mweusi, mjukuu wa mtumwa.

Hata hivyo dansi nayo ilikuwa na gharama iliyojificha. Ili kujaza mfuko, wanafunzi wa Penn State walikuwa wakisafiri mwishoni mwa juma hadi miji ya mbali na kusimama kwenye makutano ya barabara wakiwa na makopo ya sadaka. Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja alifariki katika ajali ya gari katika safari ya aina hiyo. Mwaka 2015 akafariki mwingine. Baada ya hapo viongozi wa dansi walitangaza kwamba safari za makopo zitaondolewa hatua kwa hatua. Ukisoma leo kanuni inayokataza kuchangisha barabarani unaweza kudhani imeandikwa na karani asiyependa wanafunzi wafurahi. Iliandikwa baada ya mazishi mawili.

Tuje kwenye kanuni zenyewe. Kwa mtazamo wangu ziko za aina tatu, na kila aina inalinda kitu chake.

Aina ya kwanza inalinda fedha. Wamarekani wamekuwa na haki ya kupunguziwa kodi ya mapato kwa sababu ya michango ya hisani tangu mwaka 1917. Lakini si kila chama kinachofanya hisani ni shirika la hisani. Kwa sheria ya kodi, chama cha udugu au udada na matawi yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa klabu za kijamii, chini ya kifungu cha 501(c)(7), yaani watu waliokusanyika kwa ajili ya urafiki na burudani yao. Mashirika ya hisani yako katika kifungu kingine, 501(c)(3). Mwaka 1986 chama cha Zeta Beta Tau kilijaribu kuishawishi Mahakama ya Kodi kwamba kinastahili kuwekwa katika kundi la jumuiya za kindugu lenye unafuu mkubwa zaidi. Mahakama ilikataa. Ilisema, kwa ufupi, kwamba chama cha wanafunzi ni klabu ya kijamii kabla ya kuwa kitu kingine.

Matokeo yake ni ya vitendo kabisa. Ukiandika hundi kwa jina la tawi, hata kama tawi litaipeleka yote hospitalini, umeichangia klabu, na huwezi kuidai katika kodi yako. Hundi inatakiwa iandikwe kwa jina la shirika la hisani lenyewe, au kwa jina la wakfu ambao vyama vingi vya kitaifa vimeuanzisha kando. Ukinunua tiketi ya chakula kwa dola 50 kutoka kwa shirika la hisani na chakula chenyewe kina thamani ya dola 20, mchango wako ni dola 30. Tiketi ya bahati nasibu haihesabiwi kuwa mchango hata kidogo, kwa kuwa mnunuzi amenunua nafasi ya kushinda.

Bahati nasibu ina masharti yake zaidi, kwa kuwa katika majimbo mengi ni kamari isipokuwa sheria imeiruhusu. Katika California wapiga kura waliiruhusu mwaka 2000, na sheria yake ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kikundi kinachotaka kuichezesha lazima kijiandikishe kwanza kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kiwe kimekuwapo kisheria kwa angalau mwaka mmoja, na asilimia 90 ya mapato ghafi ya tiketi iende kwenye hisani. Hesabu hiyo inaua ule mchezo wanaoupenda wanafunzi, ambapo nusu ya fedha anachukua mshindi na nusu inakwenda kwa wahitaji. Wengi hulalamika kwamba sheria inawabana watu wenye nia njema. Lakini aliyenunua tiketi kwa ajili ya wagonjwa ana haki ya kujua kwamba fedha yake haikuishia kwenye puto, muziki na zawadi.

Aina ya pili inalinda mwili. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoyabana majimbo yapandishe umri wa kununua pombe hadi miaka 21, na ghafla wanachama wengi wa vyama vya udugu wakawa chini ya umri huo. Katika miaka hiyo familia za waliokufa au kuumia katika sherehe zilikuwa zikifungua kesi, na makampuni ya bima yalikuwa yakipandisha bei au kukataa kabisa kuviwekea vyama hivyo bima. Mwaka 1987 vyama kadhaa vya kitaifa viliungana kuunda kikundi cha kununua bima kwa pamoja, kilichojulikana kwa herufi FIPG. Aliyetaka kujiunga alipaswa kukubali masharti ya kikundi. Moja ya masharti lilisema tawi lisishirikiane na baa wala msambazaji wa pombe kuandaa tukio ambalo pombe inatolewa au kuuzwa. Kwa hiyo ile njia rahisi ya kuchangisha, ya kwenda baa ya jirani na kukubaliana kwamba sehemu ya kila bia iende kwa hisani, ikafungwa. Ilifungwa na karatasi ya bima, bila hubiri wala sheria ya bunge.

Aina ya tatu inalinda heshima ya mtu, na hapa ndipo tunaporudi katika mgahawa wa George Mason.

Baada ya shindano lile, wanafunzi 247 walitia saini barua ya kulalamika. Hukumu inasema wengi wao walikuwa wanafunzi wa kigeni au wa jamii za wachache. Nimeitafakari namba hiyo mara nyingi. Katika chuo ambacho ulikuja ukiwa mgeni, ambacho huenda bado unakitegemea kwa ada na kibali cha kukaa nchini, kuandika jina lako kwenye barua inayolaumu chama chenye wafuasi wengi si jambo dogo. Na mbele yao ilikuwa imewekwa hoja ngumu kujibika: unawezaje kupinga tukio la hisani? Mbona mnawanyima wagonjwa? Hisani ilikuwa imegeuzwa ngao, na aliyetaka kusema ameumizwa alilazimika kwanza kuonekana mtu asiye na huruma.

Chuo kilisikiliza. Mkuu wa masuala ya wanafunzi alikutana na viongozi wa wanafunzi, kisha kikatoa adhabu: kwa miaka miwili Sigma Chi isifanye shughuli zake za kawaida. Isipokuwa, na hapa soma taratibu, ingeweza kufanya matukio ya hisani yaliyoidhinishwa mapema, ikiwa yana lengo la kuelimisha kuhusu ubaguzi wa kijinsia na tofauti za tamaduni. Chuo hakikukataza hisani. Kilijaribu kuirudisha kwenye kazi yake, na kudai kwamba safari hii chama chenyewe ndicho kilipe.

Chama kilikuwa kimeomba radhi. Mahakamani kilikubali kwamba shindano lilikuwa la kitoto na la kuudhi. Hata hivyo kilifungua kesi kudai kwamba adhabu ilivunja haki yake ya kujieleza, na mwaka huo huo wa 1991 jaji wa mahakama ya shirikisho akakubaliana nacho. Chuo kikakata rufaa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne ikaithibitisha hukumu. George Mason ni chuo cha umma, kwa hiyo mbele ya Katiba ni mkono wa serikali. Mahakama ilisema mchezo wa kuchekesha, hata ukiwa wa kiwango cha chini kabisa, ni usemi unaolindwa. Ilikubali kwamba chuo kina maslahi ya kweli katika kuwa na mazingira yasiyo na ubaguzi. Lakini chuo chenyewe kilikuwa kimeeleza kwamba kiliadhibu kwa sababu ya ujumbe uliotolewa, na hicho ndicho ambacho serikali hairuhusiwi kufanya.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilitaka wale 247 washinde. Baada ya kuisoma zaidi nimeanza kuielewa, ingawa sijaipenda. Jimbo lile lile la Virginia, miaka michache kabla ya wengi wa wanafunzi hao kuzaliwa, lilikuwa likiwafungia watoto Weusi milango ya shule za Wazungu. Serikali ambayo ingepewa mamlaka ya kuamua mchezo upi ni wa heshima ingeweza, katika mwaka mwingine na chini ya watu wengine, kuwanyamazisha akina Dorothy Ferebee. Wenye mashamba ya Mississippi nao walidhani wanalinda utulivu.

Hukumu ile, hata hivyo, iliifunga serikali peke yake. Hili ndilo ambalo naona wasomaji wengi wa kesi hii hulipita haraka. Makao makuu ya chama si serikali. Yanaweza kuandika katika kanuni zake kwamba tawi litakaloandaa tukio la kudhalilisha watu litafungwa, na hakuna ibara ya Katiba itakayolizuia. Baraza la vyama linaweza kukataa kushirikiana na tawi kama hilo. Shirika la hisani linaweza kurudisha hundi na kusema halitaki fedha iliyopatikana kwa njia ile. Na vile vyama sita vya wasichana vilivyosimamia timu sita vingeweza kusema hapana kabla rangi nyeusi haijapakwa kwenye uso wa mtu. Hakuna mahakama ambayo ingewauliza kwa nini.

Leo katika vyuo vingi vya Marekani tawi likitaka kufanya tukio la kuchangisha linajaza fomu kabla. Fomu huuliza fedha zinakwenda kwa nani, nani atazipokea na kuzihesabu, ukumbi ni upi, pombe itakuwapo au hapana, mada ya tukio ni ipi, watu watavaa nini. Maswali ya fedha yanajibika kwa stakabadhi. Maswali ya mwili yanajibika kwa bima na mlinzi mlangoni. Swali la mada hujibiwa kwa neno moja au mawili, na mara nyingi anayelijibu ni kijana wa miaka 19 akiwa na haraka ya kupata sahihi.

Kama ningepewa nafasi ya kuongeza mstari mmoja kwenye fomu hiyo, ningeuliza hivi: mbali na wanaotoa fedha, ni nani mwingine atakayelipia tukio hili, na je, mmemuuliza? Wanawake wa Alpha Kappa Alpha wangejibu kwa urahisi. Wangeandika majina yao, na namba za magari yao.